Mtufaha Uliochanua Upande Mmoja: Kumkumbuka Biasha binti Jumanne wa Matogoro, Songea

Leo mwaka umetimia, mama, tangu jioni ile ya tarehe tisa Agosti tulipokuita na wewe hukuitika. Mvua zilinyesha zikakatika, mahindi yamevunwa, na baridi ya Matogoro imerudi tena. Kila asubuhi ukungu unashuka mlimani mpaka kwenye mabati yetu. Wewe tu ndiye hujarudi. Akili inajua kwamba safari yako haina marudio, lakini masikio hayajui. Geti likilia, yanasikiliza kama hatua ni zako.

Tungeweza kuweka picha yako gazetini na maneno mawili matatu, kama watu wafanyavyo. Baba alikataa. Mumeo Daimu, mtu ambaye hata salamu huzipima, wiki iliyopita alituketisha sebuleni sisi wanao wawili, Mwanaisha na Abuu, akasema, "Andikeni habari yake yote. Na mimi msinifiche." Basi tunakuandikia, mama, na wanaosoma watusikie tukizungumza nawe.

Ulizaliwa Namasakata, Tunduru, katika mikorosho ya babu yetu Mzee Jumanne. Babu hakuwa na mtoto mkubwa wa kiume, kwa hiyo kazi ya kubebesha miche alikufundisha wewe: kukata kijiti cha mkorosho unaozaa vizuri, kukichonga ncha kama ulimi, kukipachika kwenye shina la mche mwingine na kufunga kwa utepe wa nailoni mpaka viwili viwe kimoja. Ulipoletwa Songea ukiwa bi harusi, ulikuja na sanduku la nguo na kisu cha kubebeshea. Baba anasema alikizoea kisu kabla hajakuzoea wewe, maana kisu hakikuwa na maswali.

Baba alikuwa dereva wa basi la Songea na Tunduru. Miaka ishirini na sita aliondoka alfajiri ya leo akarudi jioni ya kesho. Na masika, kabla lami haijakamilika, tope likimshika mbele ya Namtumbo aliweza kukaa huko siku tatu, nne. Wewe ulibaki na sisi na kiwanja. Kiwanja kile ukakigeuza kitalu. Ulijaza udongo na samadi kwenye viriba vya nailoni, ukapanga miche ya parachichi, ya maembe na ya machungwa kando ya barabara, na watu wakaanza kukuita Mama Miche.

Hukuwa mtu wa kuuza ukanyamaza. "Kidonda kiwe juu ya udongo," ulimwambia kila mnunuzi, ukimwonyesha kwa kidole pale ulipobebesha. "Ukikizika kidonda, umeuzika na mti."

Mwalimu Edna, aliyehamishiwa hapa kutoka Moshi, hakukusikia vizuri, akakizika. Wiki iliyofuata ulipita kwake kumjulia hali, ukauona mche, ukavua kandambili, ukapiga magoti na kuufukua kwa mikono. Alipofungua pochi ulikasirika kweli. "Mwalimu, mtoto akianguka mbele ya nyumba yako unamwinua au unamdai?" Mpaka leo Mwalimu Edna akipita hapa hushusha sauti, kana kwamba umejilaza ndani.

Sasa tuje kwenye matufaha, maana humo ndimo Baba anapotaka tufike.

Jirani yetu Mama Walburga, ambaye uani kwake na kwetu kumetenganishwa na michongoma tu, alikwenda Njombe kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yake, akarudi na miche miwili ya epo ndani ya kiroba. Muuzaji alimwambia ni aina mbili, mmoja huzaa mekundu na mwingine ya njano, na kwamba asije akapanda mmoja bila mwenzake, kwa sababu ua la mmoja halishiki tunda mpaka lipate chavua ya mwingine. Viwanja vyenu vyote viwili ni vya kubanana. Mkapatana: mwekundu ukae kwako, wa njano ukae kwake, na nyuki wajitafutie njia juu ya michongoma.

Watu walicheka. Epo ni la Makete, walisema, huko kwenye baridi ya kugandisha maji. Hapa Songea mtavuna majani. Na kweli, miaka mitatu mlivuna majani. Miti ilirefuka, ikapendeza, haikutoa hata ua moja. Mama Walburga akakata tamaa. Wewe ulilichukua swali lako mpaka kwenye maonyesho ya Nanenane, ukasimama mbele ya bibi shamba mmoja hadi akaacha kuwahudumia wengine.

Ulirudi umechangamka. "Kumbe mti wetu haupati usingizi!" ulituambia kabla hujaweka mkoba chini. Kwenye baridi kali mtufaha hupukutika majani, ukalala, kisha ukaamka na maua. Baridi yetu haitoshi kuulaza. Inabidi binadamu aupukutishe kwa mkono, jani moja moja, mwezi wa saba au wa nane, na kuupunguzia maji. Ndipo unapoamka.

Tangu mwaka ule ikawa ndiyo kazi yako ya kipindi cha baridi. Ulimaliza wako, kisha ukavuka kwa Mama Walburga ukafanya wake, maana yeye aliogopa kung'oa macho ya mti, yale yanayochipua maua, pamoja na majani. Ulilaza matawi kwa kamba na mawe ili yasikimbilie juu yakasahau kuzaa. Ulikata yale yaliyosuguana katikati ili jua na upepo vipite. Nyasi kavu ulizitandaza pande zote lakini hukuziacha ziguse shina. Vitunda vilipotoka vimerundikana vitano pamoja, uliviondoa ukaacha kimoja, pengine viwili. Abuu alilia siku ya kwanza alipokuona ukivitupa. Ukamwambia, "Mama mwenye mtoto mmoja mgongoni anatembea. Mwenye watano mgongoni yuko chini."

Mavuno ya kwanza yalikuwa matunda saba. Matano uliyakata vipande vyembamba vikafika kwa kila aliyewahi kucheka. Moja ulimpa Mama Walburga. La saba ulimwekea Baba, aliyekuwa amekwama kwenye tope. Alifika siku ya nne, tunda limeshaanza kukunjamana ngozi. Alilila akiwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya matope, likaisha pamoja na mbegu.

"Tamu?" ukamuuliza.

"Si baya," akajibu.

Juzi ametuambia kwamba hajawahi kula kitu kitamu kama kile, wala hajui kwa nini hakusema.

Baba alistaafu miaka miwili kabla hujatutoka. Tulidhani atatulia. Lakini mtu aliyezeeka barabarani hawezi kuketi akatazama ukuta. Kila alasiri alivaa koti lake akaenda stendi kutazama mabasi ya Tunduru yanavyoingia, kusikia nani amepasua tairi na nani amelala njiani, kisha akarudi kuwahi magharibi. Wewe hukumzuia. Ulimwekea maji ya kutawadha karibu na mlango ukaendelea na miche yako.

Alasiri ya tarehe tisa Agosti ulikuwa umeshaanza kuupukutisha mtufaha. Ulikuwa umemaliza upande wa mashariki, ule unaotazamana na dirisha la chumba chenu. Baba alikuwa barazani anafunga kamba za viatu.

"Baba Mwanaisha," ulimwita, "leo nishikie ngazi. Matawi ya upande huu siyafikii."

"Kesho, Mama Mwanaisha. Sasa hivi basi linaingia."

"Haya, kesho."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho mliyosemezana katika miaka thelathini na minane ya ndoa.

Saa kumi na moja Mama Walburga alichungulia juu ya michongoma kutaka kiberiti. Akakuona umeketi chini, mgongo umeegemea shina, majani yamejaa mapajani. Alikuita mara mbili. Alipovuka na kukushika ulikuwa bado unapumua lakini husemi. Alikupakia kwenye bajaji, kichwa chako kifuani pake, akakufikisha hospitali. Baba alifuatwa stendi. Alipofika, daktari alikuwa tayari amesimama nje ya mlango anamngoja. Presha, alisema, ilikuwa imepanda muda mrefu. Wewe ulikuwa ukijua kusoma maradhi ya mti kwenye jani moja, mama, na ya kwako ukatuficha.

Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Tulikuzika kesho yake baada ya swala ya adhuhuri.

Siku ya arobaini, kabla wageni wa dua hawajafika, Baba alifungua dirisha la chumba. Upande wa mashariki wa mtufaha ulikuwa umechanua. Maua meupe yenye wekundu pembeni yalifunika kila tawi ambalo mkono wako ulilipitia. Upande wa pili ulikuwa na majani yake yale yale makongwe, ya vumbi, bila ua hata moja. Mti ulikuwa kama umegawanywa kwa kamba kutoka kileleni hadi chini.

Wanawake waliokuja kupika walisimama wakashangaa. Mmoja akasema ni ishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Baba hakumbishia, lakini alijua kwamba si ishara. Alijua hata tawi gani ndilo la mwisho, pale ulipofika ukahitaji mtu wa kushika ngazi. Alilifunga dirisha, akalifunga na pazia, na dua nzima aliitikia akitazama mkeka.

Nyuki walikuja. Walizunguka siku nane, tisa, wakitoka ua hili wakiingia lile. Lakini mtufaha wa Mama Walburga haukuwa umepukutishwa na mtu yeyote mwaka ule; ulisimama na majani yake upande wa pili wa michongoma, haukulala wala haukuamka. Maua yako hayakupata mwenzake. Yakaanza kudondoka, siku ya kwanza machache, siku ya tatu ardhi yote ikawa nyeupe. Baba alikataza yasifagiliwe. Mwezi wa kumi na mbili, wakati ambao matunda yangekuwa yanaanza kuiva, mti haukuwa na hata moja.

Kuanzia hapo hakutaka mtu auguse mti. Mawe yaliendelea kuning'inia kama ulivyoyaacha. Masika yaliponyesha matawi yalinenepa, na kamba ambazo wewe ulikuwa ukizilegeza kila baada ya miezi michache zikaanza kuingia ndani ya gome. Kisha kwenye mikunjo ya matawi ukatokea ule utando mweupe kama pamba, ambao ukiuminya wadudu wake wanatoa maji mekundu. Ulikuwa ukiuona unausugua siku hiyo hiyo. Baba aliuona, akaupita.

Mwanaisha alikuja wakati wa Idi kutoka Dodoma, anakofanya kazi. Alikuta nyumba imefagiliwa na kitalu kimekauka. "Baba, twende ukakae na wajukuu wako," akamwambia. "Hapa unabaki na nani?"

"Nitaona," Baba akajibu.

Kesho yake asubuhi Mwanaisha alishika kisu akaenda kukata kamba moja iliyokuwa imezama kwenye tawi. Sauti iliyomfikia kutoka barazani hakuwahi kuisikia tangu azaliwe.

"Usiguse! Hiyo alifunga mama yako!"

Mwanaisha alikwenda kulia jikoni. Baba alibaki barazani. Anasema alitaka kuinuka amfuate, lakini angemwambia nini? Kwamba upande ule wa majani makongwe ni wa kwake yeye? Kwamba akiumalizia kazi atakuwa amesema kesho imefika, na wewe hupo?

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sisi hatukulijua. Baba alikuwa hamkwepi mtu mwingine mtaani ila Mama Walburga. Akienda msikitini alizunguka njia ya nyuma. Wakikutana dukani alisalimia akitazama kaunta. Yule mama ndiye aliyekuwepo wakati yeye hayupo, na Baba aliamini kwamba siku wakitazamana ataulizwa alikuwa wapi. Na Mama Walburga kumbe alikuwa na lake: alidhani Baba anamlaumu kwa kuchelewa kuvuka. Watu wawili wanaomlilia mtu mmoja wakakaa miezi kumi na moja na miiba katikati.

Mwezi wa saba mwaka huu, asubuhi moja, Baba alikuwa anakunywa uji akasikia panga linakata mti ng'ambo ya michongoma. Aliweka kikombe, akasikiliza. Panga likalia tena. Anasema miguu iliondoka kabla yake. Hakupita getini. Alipita katikati ya miiba, kandambili moja ikabaki huko.

"Acha! Acha kwanza!"

Yohanes, fundi ambaye Mama Walburga alimwita amjengee banda la kuku, alisimama panga likiwa hewani. Matawi mawili ya chini ya mtufaha wa njano yalikuwa tayari yamelala ardhini.

Mama Walburga akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kitenge. Alimtazama Baba tangu kichwani mpaka mguu usio na kiatu.

"Shemeji Daimu. Miezi kumi na moja hukukanyaga hapa hata kwa salamu. Leo unapita kwenye miiba kwa ajili ya mti?"

"Ukiukata huu, wangu hautazaa tena."

"Kwani sasa unazaa? Aliyekuwa anaijua miti hii hayupo. Wewe umewahi kuugusa wako?"

Miiba ilikuwa imemchana Baba. Damu ilikuwa inamtoka mkononi, anaifuta kwenye shati. Kisha likamtoka lile alilokuwa amelibeba.

"Aliniomba nishike ngazi," akasema. "Nikamwambia kesho, nikaenda stendi. Nilijua wewe ukinitazama utaniuliza nilikuwa wapi."

Mama Walburga alivuta kigoda akaketi.

"Mimi nilidhani unanilaumu," akasema. "Kwamba ningechungulia mapema, angepona."

"Mimi nikulaumu wewe?"

"Ulikuwa hunitazami, shemeji. Ningejuaje?"

Yohanes akaanza kulichunguza panga lake kama vile ndiyo mara ya kwanza analiona.

"Sikia nikwambie," Mama Walburga akaendelea. "Siku ile, ulipotoka tu, nilimwona anaburuta ngazi peke yake. Nikamwambia, 'Huyo mzee wako wa stendi ameshindwa nini kukusaidia?' Nilikuwa nakuteta, sikufichi. Akacheka. Akaniambia, 'Mwache aende, dada. Miaka ishirini na sita nilimngoja bila kujua atafika lini. Siku hizi akitoka najua magharibi haijaisha nitamsikia anakohoa getini. Mimi hilo linanitosha.' Alisema hivyo anacheka. Hakuwa na kinyongo na wewe, shemeji. Hata chembe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia wapi? Kwenye ile njia yako ya nyuma?"

Baba ametuambia kwamba baada ya hapo walizungumza kidogo kuhusu mti. Kilichotokea hasa tumekisikia kwa Yohanes: kwamba Baba aliketi chini pale penye matawi yaliyokatwa akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia msibani, na Mama Walburga hakumnyamazisha.

Banda la kuku limejengwa upande mwingine. Asubuhi ile ile walianza kuupukutisha mti wa njano. Baba alivuta jani kwenda chini kama mtu anayekamua ng'ombe, likatoka na jicho lake, na Mama Walburga akampiga kofi mkononi.

"Siyo hivyo! Biasha alilivuta kwenda juu. Jani linatoka, jicho linabaki."

Yule yule aliyekuwa akiogopa, mama. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anakutazama mikono.

Wa kwako uliwachukua siku tatu. Walianza na kamba. Baba alizikata moja baada ya nyingine, na chini ya kila moja palikuwa na mfereji ndani ya gome. Alifunga upya kwa vitambaa vipana, vya kulegea. Utando mweupe aliusugua kwa mswaki na maji ya sabuni, tawi kwa tawi, mpaka vidole vikavimba. Matawi matatu yaliyokuwa yamejaa vinundu aliyakata akayachoma moto. Alipofika kwenye majani ya upande wa magharibi alisimama muda mrefu. Mama Walburga alishika ngazi bila kumharakisha. Kisha Baba akapanda, akaanza, na jani la mwisho alilitoa jua likiwa bado liko juu ya mlima.

Leo miti yote miwili iko uchi. Wapita njia wanadhani imekauka. Wa njano umelemea upande mmoja kwa sababu ya panga la Yohanes, na Mama Walburga anasema wako nao umedhoofishwa na wadudu. Macho yamevimba, mengine yanaonyesha kijani kidogo kwenye ncha. Kama maua yatatoka, na kama ya huku na ya kule yatatoka pamoja, hatujui. Baba anajifanya hajali. Akitoka swala ya asubuhi anapitia kwanza kwa Mama Walburga kuutazama wa njano, ndipo anakuja kunywa chai.

Kitalu amekifungua tena, mama, kwa miche ya kununua, na tunaomba radhi kwa wateja wako. Mwezi uliopita alimuuzia mama mmoja wa Namtumbo miche sita ya machungwa, minne harufu ya majani yake ikawa ya malimao. Yule mama alirudi nayo kwa basi. Baba alimbadilishia, akampa na wa saba, kisha akamsimulia habari zako hadi basi likamwacha. Akamlipia la mchana.

Usidhani kwamba hakukumbuki tena kwa uchungu. Kuna siku anaufungua mdomo akuulize dawa ya sisimizi, anaufunga. Kuna siku Abuu, ambaye sasa amehamia hapa karibu, anamkuta amekaa kitandani upande wako, ameshika ushungi wako hajui auweke wapi. Hata sisi, ni mara ngapi tumeshika simu tukuulize kitu kidogo tu, chumvi ya maharage au jina la mtu wa zamani? Sauti yako tunayo kwenye ujumbe mmoja uliomtumia Mwanaisha, ukimwambia asisahau sweta. Tunaisikiliza kwa zamu. Haitutoshi.

Mwanaisha alipomuuliza tena habari ya Dodoma, Baba alisema atakwenda kusalimia wajukuu Zulfa na Saada, wiki moja, miti ikiwa haihitaji mtu, kisha atarudi. Hatumwulizi tena.

Tulipomaliza kuandika tulimsomea barua hii. Alisikiliza yote mikono ikiwa magotini, ina makovu ya michongoma. Tukamuuliza kama anataka kuongeza neno lake mwenyewe. Alifikiri mpaka chai ikapoa.

"Mwambieni niko nyumbani," akasema.

Dua na hitma vitasomwa leo baada ya swala ya alasiri, hapa nyumbani Matogoro. Unakumbukwa na mumeo Daimu, wanao Mwanaisha na Abuu, mkweo na wajukuu zako Zulfa na Saada, ndugu zako wote wa Namasakata na Tunduru, jirani yako Walburga, ambaye leo amewasha mshumaa wake kanisani kabla ya kuja kupika, Mwalimu Edna, na wote uliowapa mche mkononi ukawafuata kuutazama.

Mwenyezi Mungu akusamehe, akurehemu, aipanue nafasi yako. Sisi, mama, maadamu tunavuta pumzi, jina lako litaitwa katika nyumba hii.